Kisogo cha Opereta

Mtu akikupa kisogo siku moja, unanuna naye. Siku mbili, unamwomba radhi hata kama hukumkosea. Lakini siku kumi na tisa! Siku kumi na tisa Bi Tiketi alikuwa akizungumza na kisogo cha mume wake, kisogo chenye mvi na mkunjo mmoja wa ngozi katikati, mpaka akawa anakijua kuliko anavyoujua uso wake mwenyewe. Akikiamkia asubuhi, hakiitikii. Akikiletea supu, hakitaki. Akikilaumu, kimya. Jamani, hata pango ukilipigia kelele linakurudishia mwangwi.

Mume mwenyewe watu walimwita Opereta. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Kwa miaka thelathini na moja ndiye aliyeendesha mashine za jumba la sinema, juu kabisa, kwenye chumba kidogo chenye joto la tanuri. Mkewe alikaa chini, dirishani, akikata tiketi. Jumba lenyewe siku hizi ni ghala la magodoro, lakini bado wapo watu wazima na heshima zao wanaomwona Bi Tiketi barabarani wakanyoosha vidole viwili: "Mbili za nyuma, Bi Tiketi!" Naye huwajibu kwamba zimekwisha, warudi kesho mapema.

Ajabu ya ndoa ile ni kwamba walifanya kazi jumba moja maisha yao yote na hakuna aliyeijua kazi ya mwenzie. Bi Tiketi hakuwahi kuona mwanzo wa filamu hata moja. Mwanzo ndio wakati wa wachelewaji, na wachelewaji ndio wanaogombana dirishani. Alipofunga dirisha na kujipenyeza ukumbini, mtu alikuwa keshauawa zamani, akabaki kumuuliza jirani ni nani kaua na kaua kwa nini, na jirani akamwambia nyamaza mama tunatazama. Kile chumba cha mashine nacho hakukikanyaga. Opereta hakuruhusu mtu: si meneja, si fundi umeme, si mke wa ndoa. "Huko chini una ufalme wako," alimwambia. "Huku juu niachie wangu."

Kitu kimoja tu alimsimulia, tena wakiwa bado wachumba. Filamu za wakati ule hazikuja nzima. Zilikuja vipande vipande ndani ya makopo ya bati, na kila kipande kiliitwa rili, dakika ishirini hivi. Mashine zilikuwa mbili. Rili ikikaribia kwisha kwenye mashine hii, nyingine iwe tayari kwenye mashine ile, na opereta aihamishe picha kutoka huku kwenda kule bila mtu ukumbini kushtuka. Atajuaje wakati? Kuna doa. Doa dogo la mviringo kwenye pembe ya picha, linatokea na kupotea kufumba na kufumbua. Likitokea mara ya kwanza, washa mashine ya pili. Baada ya sekunde chache linatokea tena: badilisha! Ukichelewa, ukumbi unaingia giza, watu wanapiga viti na kumtukana mama yako aliyekuzaa.

"Pembe ipi?" Bi Tiketi aliuliza.

"Sikwambii."

"Kwa nini? Siri ya serikali?"

"Nikikwambia utaliona. Na ukiliona mara moja tu, basi, hutatazama filamu tena, utakuwa unasubiri doa. Mimi nimeshaharibika. Wewe tazama picha."

Miaka yote ile alimchokoza, alimbembeleza, alimnunia, na mzee hakusema. Bi Tiketi alikuja kuelewa kwamba katika mapenzi yote aliyopewa na mtu yule mgumu wa maneno, hilo ndilo lililokuwa kubwa. Akaacha kuuliza.

Basi kiharusi kikaja. Kilimkuta bafuni, kikampiga upande wa kushoto. Hospitali walimtibu wakamrudisha nyumbani, na daktari akasema ulimi mzima, koo zima, mkono wa kulia mzima, akili nayo haina neno. Kilichobaki ni chakula na mazoezi. Lakini Opereta alipolazwa kitandani kwake, alishika ubao wa kitanda kwa mkono ule mzima, akajivuta, akageukia ukuta. Hiyo ikawa ndiyo kauli yake ya mwisho. Ukimgeuza anakuacha umgeuze kama gunia. Ukitoka kwenda kuchota maji, ukirudi keshajirudisha ukutani. Chakula kilikuwa vijiko viwili vitatu kwa siku, tena vya kulazimishana, na vingi viliishia kwenye mto. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikamchomoka. Bi Tiketi aliiokota chini ya kitanda akaivaa kidole kimoja na ya kwake.

Jumanne nesi anayezungukia wagonjwa majumbani alimkagua, akampima mkono kwa utepe, kisha akamvuta Bi Tiketi koridoni.

"Mama, sitakuficha. Mwili unakwisha huu. Ijumaa saa nne nakuja na gari. Nikikuta bado hali chakula, tunampeleka akawekewe mpira wa kulishia, hapa puani."

"Na akishawekewa?"

Nesi akatazama viatu vyake. "Wengine hurudi nyumbani," akasema.

Bi Tiketi alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshukuru, akafunga mlango, akakaa chini pale pale sakafuni miguu kainyoosha mbele kama mtoto. Hakulia. Alikuwa amelia wiki ya kwanza akamaliza. Aliwaza kitu kimoja tu: akitoka na gari lile hatarudi. Anajua yeye, na kile kisogo kinajua. Na ndipo wazo lilipomjia. Kama hataki kugeuka atazame dunia, basi dunia ipelekwe huko ukutani anakotazama.

Akampigia simu binti yao wa pekee, mwalimu wa sekondari. "Shuleni kwenu si kuna ile projekta mnayowaonyeshea watoto?"

"Ipo, Mama. Kuna nini?"

"Iazime. Chumba cha baba yako tunakifanya sinema."

"Mama, umelala lakini?"

"Nitalala Ijumaa. Lete projekta."

Binti aliileta Jumatano asubuhi ndani ya begi lake la nguo, imeviringishwa kwenye taulo, na hofu imemjaa kwa sababu mkuu wa shule alimwambia ikirudi na mkwaruzo atajieleza. Kikaanza kibarua cha giza. Dirishani wakatundika mablanketi mawili, mwanga ukapita katikati. Wakaongeza la tatu. Vile vitundu vya hewa juu ya dirisha wakaviziba kwa matambara na gazeti. Chini ya mlango wakasokota kanga. Kila walipodhani wamemaliza, jua lilipenya mahali pengine, uzi mwembamba unaotembea juu ya shuka la mgonjwa, na Bi Tiketi akauandama na pamba na gundi akiusonya kama mtu. Ukuta wenyewe ulikuwa wa rangi ya kijani, una ukungu wa unyevu kwenye kona. Wakagongelea shuka jeupe kwa misumari ya viatu, juu ya kichwa cha Opereta kabisa. Nyundo ilipiga sentimita chache kutoka sikioni mwake. Hakupepesa.

"Baba, samahani na kelele," binti akasema.

Projekta wakaiweka mezani, upande wa pili wa kitanda. Ilipowaka, picha ikatua ukutani, kubwa, nzuri, na katikati yake kilima cheusi. Kilikuwa kivuli cha Opereta mwenyewe, bega na nyonga. Alikuwa amejifunika sinema yote. Wakavuta kitanda. Hakikuvutika! Kilikuwa kitanda cha mbao nzito, seremala alikiungia humohumo chumbani mwaka walipooana, na toka siku hiyo hakijawahi kusogea hata kupisha ufagio. Walivuta mpaka binti akashika kiuno. Ikabidi wainue pua ya projekta kwa kuipandisha juu ya vitabu, mwanga umruke mgonjwa. Kivuli kikaondoka. Lakini chumba kilikuwa kifupi, dari iko chini, na picha ikapinda pale ukuta unapokutana na dari: nusu ya juu ikalala darini, nusu ya chini ikabaki kwenye shuka.

"Mama," binti akasema taratibu, "watu wana vichwa darini."

Bi Tiketi alichuchumaa kando ya kitanda, akaweka shavu karibu na shavu la mume wake, aone anachokiona yeye. "Na huku kuna miguu," akasema. "Miguu mitupu. Na kwato." Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya kile kisicho na furaha, na binti akamshika mabega mpaka kikaisha.

Filamu aliyoitaka Bi Tiketi ni ya zamani, ya ndugu wawili, treni na farasi, ambayo jumba lao liliionyesha wiki baada ya wiki. Binti aliitafuta mtandaoni mpaka akaipata, tena nakala mbili. Moja ilikuwa imesafishwa kila doa na mkwaruzo, picha inang'aa kama imepigwa jana. Nyingine, alisema, ni takataka: mtu kachukua mkanda mkuukuu akaunakili hivyohivyo na mikwaruzo yake. "Ya juu kwenye orodha ndiyo nzuri, Mama. Hii ya chini usiiguse."

Wakaonyesha ile nzuri Jumatano jioni. Opereta alifumba macho. Wakaionyesha Alhamisi asubuhi, sauti ikiwa juu. Alifumba macho. Alhamisi mchana Bi Tiketi alikaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la supu, akasema, "Tazama, treni hiyo, treni yako," huku kijiko kikigonga meno yaliyofungwa. Supu ilishuka kidevuni ikaingia shingoni. Binti alishindwa kuvumilia.

"Baba! Kama umeamua kufa, sema! Tuambie tujue! Unamtesa Mama!"

"Toka nje," Bi Tiketi akamwambia.

"Lakini Mama—"

"Nimesema toka. Huyu ni baba yako, si mwanafunzi wako."

Binti akatoka analia. Naye Bi Tiketi akafuta ile shingo kwa kitambaa, polepole, na rohoni mwake maneno ya mtoto yalikuwa yake neno kwa neno. Alimchukia mume wake siku ile. Kwa nini afiche? Alimchukia kwa kuwa hai na kukataa kuwepo. Akaenda jikoni, akamwaga supu, akapika nyingine.

Ijumaa saa tatu begi lilikuwa mlangoni: taulo, shati la vifungo, ndala. Binti alikwenda kusimama barabara kuu, maana nyumba yao iko ndani ndani na gari la hospitali lingepotea. Bi Tiketi akabaki peke yake na kisogo. Akapasha supu. Akafunga mlango, akasokota kanga chini yake. Hakuwa na tumaini lolote, tusidanganyane. Aliona tu kwamba ni aibu mtu kukaa na mumewe saa ya mwisho kimya kimya, wakatazamana na mablanketi. Akawasha projekta kama alivyofundishwa. Miwani aliiacha jikoni, akabonyeza ya chini.

Ukutani ikanyesha mvua ya mikwaruzo. Sauti ikakwaruza kama mtu anatembea juu ya changarawe. "Haya," Bi Tiketi akasema, "hata kubonyeza nimeshindwa." Akaiacha. Angeizima angelazimika kuanza upya, na nguvu hiyo hakuwa nayo.

Akakaa kwenye kigoda karibu na meza, bakuli mapajani. Na kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya, akatazama. Siku zile mbili alikuwa akimtazama mgonjwa, si picha. Sasa akaona mwanzo. Ndugu wawili wakiwa bado marafiki, mama yao akiwafungia chakula cha safari, mkubwa akitia mkono kwenye sanduku la mdogo.

"Heh!" akasema kwa sauti. "Kumbe kaka ndiye mwizi! Opereta, unasikia? Miaka yote hiyo mimi namlilia yule kaka anapouawa, kumbe mwizi! Na wewe ulijua. Ulijua ukaniacha nimlilie."

Vichwa vya ndugu wale viliongea darini.

"Sawa," akasema. "Usiseme. Ila nisikilize. Wakikuchukua leo, hutarudi. Mimi nibaki na nani? Nani ataninyima kitu nikakitaka miaka arobaini? Nimechoka, mume wangu. Nimechoka kuongea na nywele. Ukitaka kwenda nenda, lakini niage. Nigeukie uniage kama mtu, halafu nenda."

Hakuna kilichotokea. Treni ilipita, farasi wakakimbia, miguu ikajaa shuka. Dakika zikaenda. Bi Tiketi aliinamia bakuli, akaona utando wa mafuta umeganda juu ya supu, na hakuona bega la Opereta lilivyoanza kucheza.

Alichosikia ni kitanda. Kile kitanda kisichosogea kililia. Akainua macho: mkono wa kulia wa mume wake ulikuwa ukutani, kiganja wazi, unausukuma ukuta. Akadhani anakabwa na pumzi. Akasimama, bakuli likamwagika nusu. Opereta akasukuma tena, mishipa ya shingo imemtoka, mwili ukayumba ukingoni mwa bega lake, ukarudi, ukayumba tena, kisha ukapinduka wote na akalala chali. Macho yalikuwa wazi. Hayakumtazama mkewe. Yalitazama darini, juu, upande wa kulia, yakipekua kama mtu anayetafuta jina lake kwenye ubao wa matokeo.

"Rili," akasema. Sauti ilitoka na kutu.

"Nini? Nini, mume wangu?"

"Inakwisha. Rili inakwisha."

Bi Tiketi akafuata macho yale mpaka kwenye pembe ya juu kulia ya picha, pale ilipolala darini karibu na alama ya maji ya mvua. Na pale, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaliona. Mviringo mweusi, mdogo kama kifungo cha shati, ukatokea, ukapotea.

"Washa!" Opereta akasema. Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani unapapasa, unashika kitu ambacho hakikuwepo. Uso ulimjaa hofu, hofu ya kazini, ya mtu mwenye ukumbi mzima chini yake. "Washa ya pili! Watapiga viti!"

Ya pili ipi? Kulikuwa na kisanduku kimoja cha shule juu ya vitabu. Angeweza kumwambia hivyo. Angeweza kumwambia jumba ni ghala la magodoro, mashine ziliuzwa vyuma chakavu, tulia mzee. Lakini mtu aliyezuiwa chumba kile miaka thelathini na moja ndiyo kwanza alikuwa ameitwa ndani.

"Imewaka," akasema.

Doa likatokea mara ya pili.

"Badilisha!"

Bi Tiketi akapiga meza kwa kiganja, kofi zito, vitabu vikaruka. Picha ikashtuka kidogo, kama zinavyoshtuka picha za zamani mkanda unapoungana na mkanda, na ndugu wale wakawa wako nyumba nyingine, asubuhi nyingine. Filamu ikaendelea. Hakuna aliyepiga kiti.

"Nimebadilisha," akasema. Pumzi zilikuwa zinampaa.

Opereta aliushusha mkono kifuani taratibu. Akatazama dari kwa muda, akisikiliza. Kisha kichwa kikageuka kwenye mto, upande wa meza, na Bi Tiketi akauona uso wa mume wake: umekonda, ndevu zimeota ovyo, mdomo umeshuka upande mmoja, lakini ni wake, na mwenyewe yumo ndani.

"Umechelewa," akamwambia.

"Nimechelewa?"

"Kidogo."

Hapo ndipo machozi aliyodhani ameyamaliza yalipokuja yote, yakichanganyika na kicheko, na safari hii kicheko kilikuwa cha kweli. Akasogea kitandani na nusu ya supu iliyobaki. Opereta alimtazama machoni kwa muda mrefu, kama anayeangalia kifaa kilichoanguka kujua kimepasuka wapi.

"Umeliona," akasema.

"Nimeliona."

"Basi umeshaharibika na wewe."

"Nimeharibika. Fungua mdomo."

Akaufungua. Supu ikaingia, ikashuka, koo likaonekana likimeza. Kijiko cha pili kikaingia. Huko nje honi ya gari ikapiga kichochoroni, na viatu vya binti vikaja mbio uani.

"Rili inayofuata…" Opereta akaanza, akijaribu kurudisha macho juu.

"Wewe kula," Bi Tiketi akasema. "Doa nitakuangalizia mimi."

Honi ikapiga tena. Bi Tiketi akachota kijiko cha tatu, macho yake yakiwa kwenye pembe ya dari.